Joto la pikipiki na miguu yetu

Wamama wenzangu, siku ya posho tukikutana, tazameni tu miguu. Karibu kila mama anayepanda pikipiki kwenda soko la Kadutu ana alama moja, upande wa ndani wa mguu wa kuume, chini ya goti. Wengine wanaiita muhuri wa motari. Tunacheka. Lakini mwezi uliopita mtoto wa jirani yangu, wa miaka minne, aliungua hapo hapo akishuka, na kwa mguu mdogo kama ule, muhuri unafunika karibu nusu ya mguu.

Kwa nini kuume? Pikipiki nyingi za hapa Bukavu zinatoka India, na bomba lao la moshi liko kuume. Kule India wanaendesha upande wa kushoto wa barabara, sawa na Uganda na Tanzania, kwa hiyo abiria wao anashukia kushoto, kwenye ukingo, mbali na bomba. Sisi Kongo tunaendesha upande wa kuume. Motari akisimama kando, ukingo wetu uko kuume, na bomba lenye moto liko kati yako na ukingo. Unashuka haraka, beseni mkononi, kikwembe kinakubana hatua, mguu unagusa.

Watu wanatuambia tushukie kushoto. Ni sawa, ila kushoto kwetu ndiko magari yanapita, na siwezi kumshauri mama mwenye mtoto mgongoni ashukie mbele ya lori. Mimi namwambia motari: "Papa, toka kabisa barabarani, uzime moteri, ndipo nishuke." Akinung'unika, nangoja nimekaa. Halafu nashukia kushoto. Mtoto simwachi ateleze mwenyewe: nashuka kwanza, ndipo namnyanyua juu, miguu yake isiguse kitu.

Joto la motari mwenyewe ni jambo lingine. Mwana wangu wa pili ni motari. Pikipiki tuliinunua kwa mkopo wa AVEC yetu, na deni bado liko. Kiangazi kilichopita alianza kurudi nyumbani saa saba, pesa ya siku haijatimia.

"Mama, miguu inaiva. Bora tuiuze."

Nikamwambia, "Papa, tukiiuza deni litabaki. Twende kwanza kwa mekanisye."

Mekanisye alinifahamisha jambo ambalo kila mama mwenye motari nyumbani angefaa kulijua. Moteri ya pikipiki hizi haipozwi kwa maji kama ya gari. Inapozwa na upepo. Vile vyuma vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu kuzunguka moteri ndivyo vinatoa joto nje, upepo ukipita katikati yao. Sasa fikirini motari anayepanda kutoka Nyawera hadi Kadutu na abiria wawili na gunia. Moteri inalia kwa nguvu, lakini pikipiki inatambaa, upepo hakuna. Joto lote linapanda kwenye mapaja na magoti yake.

Mlima hatuwezi kuuondoa. Lakini pikipiki yetu ilikuwa na mengine juu yake. Kati ya vile vyuma matope yalikuwa yamekauka kama blanketi. Mafuta ya moteri yalikuwa machache, meusi. Breki ya nyuma ilikuwa imekazwa hata gurudumu halizunguki vizuri, basi moteri ilivuta mzigo na breki pamoja. Na karibureta ilikuwa imepunguzwa ili esansi isiishe haraka. Hiyo ya mwisho motari wengi wanaipenda, lakini esansi ikiwa kidogo mno kuliko hewa, moteri inazidi kuwaka joto, na faida yote inakwenda kwa matengenezo. Mbele alikuwa amefunga gunia kwenye vyuma vya kukinga miguu, kwa ajili ya mvua. Kiangazi hicho gunia lilikuwa linazuia upepo tu.

Tulilifungua gunia, tukarekebisha mengine yote. Sasa anaosha vile vyuma kwa burashi asubuhi, moteri ikiwa baridi, maana maji baridi juu ya chuma chenye moto yanaweza kukipasua. Anaangalia mafuta kila siku, pikipiki ikisimama wima mahali tambarare. Anavaa suruali nzito ya jini, si nailoni, kwa sababu nailoni ikigusa bomba inayeyuka na kushika ngozi. Joto halikuisha. Lakini anafanya kazi hadi jioni, na deni linapungua.

Bomba pia lina bati lake la kukinga miguu. Kwenye pikipiki nyingi limeanguka kwa sababu ya mashimo ya barabara, na hakuna aliyelirudisha. Fundi wa kuchomea vyuma anaweza kutengeneza jingine, lenye matundu, na liachwe nafasi kidogo kati yake na bomba. Bati likilala juu ya bomba lenyewe, nalo litachoma.

Na mtu akiungua? Mtoto wa jirani alipakwa dawa ya meno kabla sijafika. Tafadhali, si dawa ya meno, si mafuta, si yai, si majivu, wala barafu. Ni maji safi ya baridi, yakitiririka juu ya kidonda dakika 20. Najua robine zetu zinakauka. Chukueni bidoni na kikombe, mmimine polepole. Ondoeni kiatu au bangili kabla mguu haujavimba, lakini nguo iliyoshika ngozi msiivute. Msipasue malengelenge. Funikeni kwa kitambaa safi kisichobana. Kidonda kikizidi kiganja cha mtoto mwenyewe, au kikiwa kwenye goti au kifundo cha mguu, au ngozi ikiwa nyeupe na haiumi, mpelekeni kituo cha afya siku ile ile.