Tanga kwa Baiskeli

Ukifika Tanga peke yako, usihangaike kutafuta motokaa. Tafuta baiskeli. Mji ule ni tambarare, na wenyeji wake, wanawake kwa wanaume, wameizoea, hapana atakayekushangaa.

Anza Ngamiani. Barabara zake zina namba badala ya majina, tena zimenyoka na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu, hata mgeni asiye na mwenzi hapotei. Kisha vuka reli uende upande wa bahari mpaka Raskazone. Huko ndiko Waingereza waliposhusha askari wao kutoka India, Novemba 1914, wakapigwa na Wajerumani pamoja na askari wa Kiafrika. Hata nyuki waliokasirishwa na risasi waliwauma vibaya!

Siku ya pili nenda Mapango ya Amboni, kiasi cha kilomita 8 kaskazini ya mji. Ondoka asubuhi, kabla ya jua kali. Lakini sikia: ndani usiingie peke yako. Ni giza tupu, na vichochoro vinagawanyika huku na huku. Mlipe kiongozi, akutangulie na taa. Pampu nayo usiisahau, maana kilomita 8 ni nyingi kwa mwenye kukokota baiskeli yenye pancha.