Si kila kitu ni HARAKA

Nilipotea kidogo. Nimerudi, tena na aibu.

Januari nilikwenda Mpwapwa kufuata habari za mvua. Nikakuta korongo limekula daraja dogo, watoto wanavuka kwenda shule kwa kushikana mikono. Usiku nikatuma habari, juu nimeandika HARAKA. Mhariri aliifungua baada ya siku tatu. Nilipolalamika akanijibu, "Dogo, wiki ile ulinitumia habari tisa. Zote HARAKA. Hata ile ya bei ya zabibu!"

Nikaenda kumlilia rafiki yangu, mtengeneza programu aliyesoma UDOM. Akacheka. Alikuwa anaandika maktaba ya logi, yaani kipande cha programu kinachoandika yanayotokea ndani ya mfumo. Akanionyesha kwamba katika Python kila ujumbe una ngazi yake kwa namba: 10 ni wa kutafutia hitilafu, 20 taarifa ya kawaida, 30 onyo, 40 kosa, 50 hali mbaya kabisa. Mwenye mfumo anaweka kizingiti. Akiweka 30, ujumbe wa chini ya hapo hauandikwi.

"Kaka, angalia mambo mawili," akaniambia. Kwanza, kagua ngazi kabla hujauandaa ujumbe. Ukipanga maneno yote ndipo uulize kama yanatakiwa, umeichosha mashine bure. Pili, mtumaji anataja ngazi, mpokeaji anaamua kizingiti. Mtumaji akidanganya, kizingiti hakina kazi tena.

Hapo paliniuma. Hata Mamlaka ya Hali ya Hewa ina angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Ingeliita kila wingu tahadhari kubwa, nani angehama bondeni?

Siku hizi kabla sijaandika mstari wa kwanza najiuliza: hii ni namba ngapi? Zabibu naipa 20 bila kinyongo. Wiki iliyopita nilituma HARAKA moja tu, na mhariri akanipigia simu ndani ya dakika kumi.

Na lile daraja? Lilipata aya mbili, ukurasa wa ndani. Wale watoto walivuka siku tatu zaidi bila mtu wa mjini kujua. Siku tatu hizo siwezi kumbebesha mhariri. Ni zangu.

Haya, wenzangu, wewe leo umepiga kelele mara ngapi? Tuonane wiki ijayo.