Kwa mwanangu anayekwenda kusomea mawasiliano ya michezo

Tanga

Mwanangu mpendwa,

Baba yako amenipigia simu analalamika kwamba umeacha nafasi ya uhasibu ukachagua mawasiliano ya michezo. Anaona unakwenda kulipiwa ada ujifunze kubishana juu ya Simba na Yanga, kazi ambayo vijana wa kijiweni wanaifanya bure. Nimemwambia akuache. Nimemkumbusha pia kwamba tangu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, mwandishi anatakiwa kuwa na ithibati, na ithibati inataka elimu ya chuo.

Hata hivyo, hofu yake si ya bure. Redio zetu zimejaa wachambuzi wenye sauti nzuri wasiosoma kanuni. Chukua fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya 2023. Yanga walifungwa 2-1 na USM Alger kwa Mkapa, wakaenda Algiers wakashinda 1-0. Jumla 2-2, kombe likabaki Algeria. Mtu aliyezoea mechi za Ulaya angesubiri dakika za nyongeza, kwa sababu UEFA waliifuta kanuni ya bao la ugenini mwaka 2021. CAF walikuwa bado wanaitumia. Aliyeisoma anaieleza kwa sentensi mbili. Asiyeisoma anamgeukia mwamuzi.

Na usiishie kwenye mpira. Septemba 2025, kwenye marathoni ya Mashindano ya Dunia jijini Tokyo, Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48. Picha ya mstari wa kumalizia ndiyo iliyowatenganisha, kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Katika fainali ya mita 100 wanaume ya mashindano hayohayo, wa kwanza na wa pili waliachana kwa sehemu 5 za mia. Yaani kilomita 42 ziliisha kwa karibu zaidi kuliko mbio za sekunde 10! Dhahabu hiyo ya Simbu ilikuwa ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Habari kama ile inamtaka mtu aliyemfuatilia Simbu tangu shaba ya London 2017 na nafasi ya pili ya Boston Aprili 2025, si anayeanza kumtafuta kwenye simu siku ya ushindi.

Wenzako wengi watautamani usemaji wa klabu. Sioni ubaya. Haji Manara aliisemea Simba, kisha akaisemea Yanga, na kote kuwili watu walimsikiliza. Ila msemaji analipwa kutetea, mwandishi analipwa kuuliza, na huwezi kuwa vyote viwili kwa wakati mmoja. Klabu ikikulipia tiketi ya kwenda kuripoti mechi yake ya ugenini, waambie wasomaji. Bahasha ya baada ya mkutano na waandishi, irudishe palepale, mbele ya watu. Mimi nimekaa dawati la michezo, najua jinsi bahasha ndogo inavyofuta swali kubwa.

Uhasibu nao usiutupe wote. Klabu ikifungiwa na FIFA kusajili, mara nyingi chanzo ni deni la mchezaji au kocha aliyeachishwa. Anayejua kusoma mkataba na hesabu ndiye atakayeipata habari hiyo mapema. Kifaransa pia ukitafute: AFCON ya 2027 imepangwa kuchezwa hapa kwetu, na pia Kenya na Uganda, na makocha wengi watajibu maswali kwa lugha hiyo.

Halafu kwa kuwa u msichana, utaulizwa maana ya kuotea kana kwamba upo kwenye mtihani. Mimi niliulizwa hadi na mtunza vifaa. Usikasirike, jibu, kisha umuulize yeye mishahara ya timu imelipwa mpaka mwezi gani.

Mwaka wa kwanza ukiisha, niletee habari tatu ulizoziandika mwenyewe kwa kwenda uwanjani. Simba na Yanga wasiwemo hata katika moja.

Ni mimi,
Shangazi yako