Rejeta Zinazopiga Kelele: Jinsi Nilivyozinyamazisha

Leo naziweka kando programu za kompyuta. Kwa wiki tatu nimekuwa nikiwinda hitilafu ya aina nyingine: rejeta za nyumba tunayopanga hapa Leeds, Uingereza, zilikuwa zikipiga kelele mchana kutwa. Mke wangu ni muuguzi wa zamu za usiku, saa 12 kila zamu, na usingizi wake ni wa mchana. Mtu asiyelala ndiye huyo huyo anayepima dawa ya mgonjwa saa tisa usiku. Kwa hivyo hili halikuwa jambo la kuudhi tu.

Ndugu msomaji ulioko Kenya, najua neno rejeta linakukumbusha gari. Kanuni ni ile ile, ila imegeuzwa. Kwenye gari, maji hulichukua joto la injini na kulitupa nje. Kwenye nyumba za huku, boila ya gesi huyapasha maji, pampu huyasukuma kwenye mabomba, na rejeta ya chuma iliyo ukutani hulitoa joto hilo chumbani. Maji hayo hayatoki. Ni yale yale yanayozunguka mwaka baada ya mwaka.

Nilianza kama ninavyoanza na programu yoyote inayosumbua: sikugusa kitu, niliandika kwanza. Kelele gani, chumba gani, dakika ngapi baada ya boila kuwaka. Baada ya siku nne daftari lilionyesha kwamba tulichokuwa tukikiita "kelele" kilikuwa vitu vitatu tofauti.

1. Kububujika

Rejeta ya chumba cha kulala ilitoa sauti ya maji yanayomiminwa kutoka mtungini. Ukiishika, chini ina moto, juu ni baridi. Hiyo ni hewa. Hewa hupanda juu ikakaa pale, maji yakakosa nafasi.

Tiba yake ni rahisi. Nilizima mfumo, nikasubiri upoe, nikaweka kitambaa chini, kisha nikalegeza skrubu ya pembeni juu kwa kifunguo kidogo cha tundu la mraba, kama nusu mzunguko hivi. Hewa ikatoka ikifoka. Maji yalipoanza kutona, nikafunga. Ukimaliza, angalia geji ya presha: maji yakiwa baridi, mishale mingi hutakiwa kusimama kati ya 1 na 1.5. Ikiwa imeshuka, ongeza maji.

Lakini maji yaliyotona yalikuwa meusi kama wino, na baada ya siku tano sauti ikarudi. Hapo kuna jambo zaidi. Chuma kinapoliwa ndani ya rejeta, hubaki tope jeusi la kutu, na gesi ya haidrojeni huweza kutokea. Haidrojeni inawaka, kwa hivyo usisogeze kiberiti wala sigara unapoitoa. Nilimwonyesha mwenye nyumba picha ya kitambaa. Akamtuma fundi, akausafisha mfumo mzima na kutia dawa ya kuzuia kutu. Tangu hapo, kimya.

2. Mluzi

Huu ulitoka kwenye vali ya sebuleni, ile yenye themostati inayojifunga chumba kikipata joto. Daftari lilionyesha kwamba mluzi ulianza vyumba vingi vilipokwisha kupata joto. Vali zikijifunga, pampu huendelea kusukuma kwa nguvu ile ile kupitia upenyo mdogo. Ziba mdomo wa mpira wa maji kwa kidole gumba utaelewa.

Pampu yetu iko kabatini, nje ya boila, na ina swichi ya kasi tatu. Ilikuwa kwenye 3, nikaishusha hadi 2. Mluzi ukaisha, lakini rejeta ya mbali kabisa ikawa vuguvugu. Basi nikaenda kwenye rejeta zilizo karibu na boila, nikazibana kidogo vali zao za upande wa pili, robo mzunguko kwa wakati, ili maji yasiishie kwao. Kazi hii ilichukua jioni mbili, kwa sababu baada ya kila badiliko unasubiri joto litulie.

3. Tik-tik-tik

Hii ndiyo iliyokuwa ikimwamsha zaidi. Ilianza boila ilipowaka, ikarudi ilipozima. Sababu ni fizikia tu: bomba la shaba lenye urefu wa mita 10, likitoka nyuzi 20 hadi 70, huongezeka karibu milimita 8.5. Likiwa limebanwa na mbao za sakafu, halitelezi polepole. Hukwama, kisha huruka.

Kwa ruhusa ya mwenye nyumba niliinua ubao mmoja na kuweka vipande vya kitambaa kizito mahali bomba linapogusa mbao. Kisha nikashusha joto la maji ya boila kutoka 75 hadi 60, kwa kitufe cha nje. Bomba likipata joto kidogo, hunyooka kidogo. Boila za kisasa pia hutumia gesi vizuri zaidi maji yanayorudi yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi.

Angalizo: ukisikia boila yenyewe ikinguruma kama birika linalochemka, usiifungue. Kwa sheria za Uingereza, kazi ya gesi ni ya fundi aliyesajiliwa.

Nilibadilisha kitu kimoja kila mara. Ningeshusha pampu na joto siku moja, nisingejua kipi kimesaidia. Kulingana na daftari, wiki iliyopita mama watoto alilala saa sita mfululizo, siku nne kati ya tano. Siku ya tano ni jirani aliyekuwa akitoboa ukuta, na kwa huyo sina kifunguo.