Hukumu na Ushahidi

Nchiru, katika nchi ya Wameru, yapo makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee, na kipo pia Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopata hati yake mwaka 2013. Wazee husikiliza mashahidi kabla ya kukata shauri. Kompyuta nayo, msomaji wangu, yastahili hukumu ya namna hiyo.

Programu ya madirisha huonyesha vitufe na namba juu ya kioo, lakini kazi yake hufanyika ndani, katika mistari ambayo mtumiaji haioni. Kosa huonekana kiooni, nalo limezaliwa mbali. Ndiyo sababu kukisia hudhulumu watu.

Nilipata kuona karani wa mizani ya kahawa akishukiwa wizi. Mkulima alileta kilo 7.5, dirisha likaandika 7. Watu wakanong'ona kuwa karani hupunja, na jina jema likiisha kuchafuka halisafishiki upesi. Niliombwa kuichunguza programu ile, iliyoandikwa kwa lugha ya C. Nilitumia GDB, chombo kilichoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1986. Kwanza programu ilitafsiriwa upya kwa lugha ya mashine, pamoja na kumbukumbu ya majina na mistari yake. Bila kumbukumbu hiyo mchunguzi hupapasa gizani. Kisha niliweka kituo kwenye mstari unaopokea uzito. Programu ilipofika hapo ilisimama, na dirisha likaganda. Niliuliza uzito ni kiasi gani, nikajibiwa 7.5. Nikaisogeza mbele mstari mmoja, nikauliza tena, nikajibiwa 7. Uzito ulikuwa umetiwa mahali pa namba kamili, na hapo C huitupa sehemu iliyozidi. Mizani ilisema kweli, na karani alikuwa mwaminifu.

Iko tahadhari moja. Ukichunguza programu inayochora madirisha yote ya kompyuta, kama GNOME Shell, usikae ndani yake. Uisimamishapo, hata dirisha unaloandikia husimama. Ichunguze kutoka kompyuta ya pili. Mwamuzi hawi upande mmoja wa ugomvi.

Basi, kijana, ukutapo kosa, usimkamate aliye karibu nalo. Simamisha jambo, liulize kila hatua limebeba nini, ufuate mpaka pale ambapo kweli ilipungua. Hapo ndipo pa kutengeneza.