Kutoka Morogoro hadi Darasa la Tatu, Nyasho

Kabla ya safari hii ya kutoka Morogoro sikuwahi kuvuka Mwanza. Barua ya wito ilisema warsha ya wakufunzi wa vyuo vya ualimu itafanyika Nyasho, Musoma, na nilifurahi kwa sababu iliyo wazi kwa mkufunzi kama mimi: Musoma ni mji uliobadilisha ualimu wa nchi hii.

Basi lilitoka Mwanza alfajiri. Tukapita Magu, kisha Lamadi, ziwa likionekana na kupotea mkono wa kushoto. Mbele kidogo nyika ya Serengeti inashuka hadi kando ya lami, karibu na lango la Ndabaka, na abiria waliozoea hawageuzi hata shingo. Bunda nilichungulia dirishani kwa hamu, maana pana chuo cha ualimu chenye wenzetu niliowajua kwa majina tu. Makutano tukaacha barabara ya Tarime na Sirari, tukashika ya Musoma. Kutoka stendi ya Bweri bodaboda alinifikisha Nyasho akinieleza njia nzima kwamba sato wa Musoma hana mwenzake.

Nyasho ni kata ya watu wengi na biashara ndogondogo. Jioni ile nilitembea sokoni. Dagaa wakavu wanapimwa kwa sado, lile kopo la rangi la lita nne ambalo siku hizi ndilo kipimo cha soko. Wauzaji wanaitana Kijita, Kikurya na Kijaluo, na mteja akifika wanahamia Kiswahili bila kupoteza pumzi.

Warsha yenyewe ilianza kama warsha zote: kujiandikisha, utambulisho, bango kitita, makundi. Mada ilikuwa mtaala ulioboreshwa, ule ulioanza kutumika Januari 2024 kwa Awali, Darasa la Kwanza na la Tatu kwa shule za msingi. Mtaala huo unamtaka mwanafunzi aonyeshe umahiri, si kukariri tu. Wawezeshaji waliijua kazi yao. Lakini kufikia mchana mama mmoja mtu mzima, mkufunzi wa miaka mingi, alisimama akasema jambo ambalo nadhani wengi tulikuwa nalo moyoni: "Jamani walimu wenzangu, sisi tunawafundisha vijana namna ya kufundisha watoto. Ni nani humu ndani aliyefundisha watoto mwaka huu?"

Hakuna aliyenyoosha mkono.

Hili ndilo tatizo, na nalisema kwa sababu linaniuma. Mwalimu wa shule ya msingi leo ana MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini: anakutana na wenzake kwenye jumuiya ya ujifunzaji palepale shuleni, wanajadili somo la juzi lililowashinda, wanaandaa la kesho. Mkufunzi yuko chuoni na noti zake. Anahutubia saa nzima kuhusu mbinu shirikishi, wanachuo wakinakili. Anakwenda kukagua mazoezi ya kufundisha, anakaa nyuma ya darasa na fomu, anaondoka. Yeye mwenyewe haguswi na chaki ya Darasa la Tatu.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini hapa na kutoa Azimio la Musoma: elimu ya msingi kwa wote (UPE), iliyopangwa kufikiwa 1989, ifikiwe 1977. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakajifunza ualimu vijijini huku wakifundisha, kwa masomo ya posta, kwa redio na kwa kutembelewa. Jina "walimu wa UPE" baadaye likageuzwa kuwa dhihaka, na mimi dhihaka hiyo siipendi hata kidogo. Wengi wetu tulifundishwa kusoma na watu hao. Miaka hiyohiyo ya 1970 mradi wa kuboresha elimu ya msingi ulioitwa MTUU ulikuwa na wakufunzi wa kuzunguka, ambao kazi yao ilikuwa kwenda shuleni na kukaa na walimu kwenye darasa lenye watoto. Na Mwisenge, hapahapa Musoma, ndipo alipoanzia shule mwaka 1934 mtoto wa Butiama ambaye mpaka leo taifa linamwita kwa jina la kazi yake, Mwalimu.

Wawezeshaji walilisikia swali la yule mama. Kesho yake tulipelekwa shule ya msingi jirani, na mwenzetu mmoja wa Hisabati akakubali kufundisha Darasa la Tatu, somo la ujazo, sisi tukitazama. Andalio lake lilikuwa zuri. Alileta sado, chupa za maji za nusu lita na ndoo. Akauliza: sado moja itajazwa na chupa ngapi?

Msichana wa dawati la mbele akasimama. "Mwalimu, sado ya kufuta au ya kujaza kilele?"

Darasa zima lilikuwa linajua tofauti hiyo. Dagaa wanaweza kupanda juu ya mdomo wa kopo, maji hayawezi. Mwenzetu alinyamaza kidogo, akaweka andalio mezani, akamwambia binti aje kuwaeleza wenzake. Akaja, akatumia mchanga kwanza kisha maji. Wakamimina, wakahesabu kwa sauti, chupa nane. Kisha mvulana mmoja akasema mama yake akiuza kwa kilele anapata hasara, na ikazuka hoja ya kutoa na kugawanya ambayo hakuna mkufunzi angeipanga.

Baadaye, kwenye ofisi ya walimu, mwalimu wa darasa lile aliombwa atoe maoni. Alisita, kwa heshima. Tukamsihi. "Mkufunzi," akamwambia, "umefundisha vizuri. Ila wale wa nyuma upande wa dirisha hawakushika chupa hata mara moja. Wanakuwa hivyo kila siku usipowaita kwa majina." Mwenzetu alitoa kalamu akaandika. Katika semina zote nilizohudhuria, hayo ndiyo mafunzo ya mkufunzi niliyoyaona kwa macho, na aliyeyatoa hakuwa kwenye orodha ya wawezeshaji.

Vyuo vyetu vingi vina shule ya mazoezi uzio kwa uzio. Hatuhitaji fungu jipya wala barua ya wizara kuvuka uzio huo. Siku ya mwisho tulikubaliana kila mkufunzi achukue kipindi kimoja kwa wiki kwenye shule ya mazoezi, na mwalimu wa darasa ndiye ajaze fomu ya kumtathmini.

Nikiwa Bweri nasubiri basi, nilimpigia mwalimu mkuu wa shule yetu ya mazoezi. Nikamwamkia, nikaomba kipindi cha Hisabati Darasa la Tatu, Jumatano asubuhi.

"Na mwalimu wa darasa aende wapi?" akauliza.

"Akae nyuma, Mwalimu Mkuu. Fomu nakuja nayo."