Muhuri wa Kwao, Masafa ya Kwetu

Kazi ya kupima vifaa vya redio nilijifunza Uingereza, katika maabara yenye chumba cha chuma kilichofunikwa ndani kwa sponji nyeusi zenye umbo la piramidi. Chuma huzuia mawimbi ya nje yasiingie. Sponji humeza ya ndani yasirudi. Kifaa huwekwa juu ya meza inayozunguka, na mita 3 mbele yake antena hupanda na kushuka, kuanzia mita 1 hadi 4, ikitafuta upande ambako mawimbi yanatoka kwa nguvu zaidi.

Mambo makuu tuliyopima yalikuwa mawili: kifaa kitumie masafa kiliyopangiwa bila kuzidi nguvu iliyoruhusiwa, na kisivujishe mawimbi kwenye masafa ya wengine. Ruta ya Wi-Fi ya megahezi 2400, kwa mfano, Ulaya haitakiwi kuzidi miliwati 100.

Niliporudi Dar es Salaam ndipo nilipouelewa uzito wa kazi hii. Wakazi wa mtaa mmoja walilalamika kwamba alama za mtandao zimejaa kwenye simu zao, lakini wakipiga, haziendi. Mimi na wenzangu tulizunguka na antena ya kutafutia mwelekeo hadi tukafika kwenye duka la mzee mmoja. Mezani palikuwa na simu isiyo na waya, aliyoletewa na mwanawe kutoka Marekani.

“Shikamoo, mzee. Tunaomba kuitazama simu hii.”

“Marahaba, mwanangu. Lakini hii imepimwa. Muhuri wa Marekani huu hapa.”

Alisema kweli. Marekani, megahezi 902 hadi 928 zimeruhusiwa kwa vifaa vya namna hiyo bila leseni. Lakini sisi tuko Kanda ya 1 katika mgawanyo wa masafa wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU), pamoja na Ulaya, na kwetu megahezi 890 hadi 915 ndiyo njia ambayo simu za mkononi za GSM hupelekea sauti mnarani. Mnara wenyewe husema kwenye megahezi 935 hadi 960, ndiyo maana watu waliuona mtandao vizuri. Ila mnara haukuwasikia, kwa sababu simu ya mzee ilikuwa ikiupigia kelele sikioni.

Mzee aliizima kwa mkono wake, na simu za mtaa zikaanza kwenda.

Tangu hapo sijawahi kupitisha kifaa kwa kutazama muhuri peke yake. Muhuri wa nchi nyingine unathibitisha kwamba kifaa kimefuata mpango wa masafa wa nchi hiyo. Kama kinafuata mpango wa kwetu, lazima tupime wenyewe.

Nawasihi waagizaji, na ndugu zetu walio ughaibuni: kabla hamjaleta kifaa chochote kinachorusha mawimbi, someni masafa yaliyoandikwa nyuma yake, kisha ulizeni Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kwa Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, kama kimeidhinishwa. Jirani anayetaka kumwita daktari usiku anautegemea mnara huohuo.